Sura ya Tano: Pete Zinazojengwa Motoni

Ukitoka sokoni Kariakoo ukashuka kuelekea Gerezani, kelele za wauza nguo zinafifia na kelele za nyundo zinapanda. Huko mafundi hukunja mabati yakawa majiko, huunga bomba za ekzosi na kunyoosha bodi za magari. Simama pembeni ya fundi wa kuchomelea kwa gesi wakati anaanza kazi. Anafungua kwanza asetilini peke yake, anaiwasha. Mwali unaotoka ni mrefu, wa njano iliyokoza, unayumba kama kitambaa, na kileleni mwake zinachomoka nyuzi nyeusi. Nyuzi zile zinapanda, zinakatika, kisha zinashuka taratibu kama utando wa buibui na kutua kwenye mashati ya wapita njia. Wenyeji wa pale wanajua kusogea.

Kisha fundi anafungulia oksijeni, kidogo kidogo. Njano inanywea. Mwali unajikusanya kwenye ncha ya bomba, unakuwa wa buluu na mweupe, mkali kiasi cha kumlazimu ashushe miwani. Nyuzi nyeusi hazipo tena.

“Ule weusi unatoka wapi, fundi?” nilimuuliza mmoja wao, huku najipangusa bega.

“Hewa haitoshi, kaka. Moto ukikosa hewa unatema.”

Jibu lake ni sahihi, ila limeacha swali moja mlangoni. Asetilini haina rangi. Ni molekuli ndogo yenye atomi mbili za kaboni na mbili za hidrojeni, nyepesi kidogo kuliko hewa. Ndani ya mtungi hakuna punje hata moja nyeusi. Sasa moto unatemaje kitu ambacho haukukila?

Wengi wetu huyahesabu masizi kuwa mabaki, ndugu wa majivu. Majivu kweli ni mabaki: ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini na moto ukashindwa kuyachoma. Masizi ni ya ukoo mwingine. Masizi hujengwa. Kila chembe iliyoganda chini ya sufuria iliundwa ndani ya mwali, tofali juu ya tofali, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na matofali yenyewe yana umbo la pete. Sura hii inahusu ujenzi huo, na jinsi wanasayansi walivyopata njia ya kuchungulia eneo la ujenzi bila kuligusa.

Mwanga wa kibatari

Tuanze na kibatari, au koroboi kama wengine wanavyokiita: kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakichanganywa vizuri na hewa huungua kwa buluu hafifu, kama jiko la gesi, na kwa buluu ile huwezi kusoma hata kichwa cha gazeti. Njano ya kibatari inatoka kwingine. Inatoka kwenye chembechembe za masizi zilizopata moto hadi zikang'aa, kama msumari unavyong'aa ukisahaulika kwenye makaa. Kila aliyedurusu mitihani yake kwa kibatari alisoma kwa mwanga wa masizi.

Chembe nyingi kati ya hizo hazifiki mbali. Zikipanda juu ya mwali hukutana na oksijeni, zikaungua na kwisha. Utambi ukivutwa mrefu kupita kiasi, masizi yanazidi oksijeni inayoyasubiri kule juu, yanaponyoka, na dari linaanza kuweka kumbukumbu zake.

Ukitaka ushahidi, subiri jua kali la Dar. Weka kibatari kinachowaka mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua, kisha tazama kivuli chake. Utaona kivuli cha kopo, cha utambi, na juu yake kivuli cha mwali wenyewe. Gesi tupu haitoi kivuli cha namna ile. Zaidi ya hapo, sehemu ya mwali inayong'aa kuliko zote ndiyo yenye kivuli kizito kuliko zote, kwa sababu chembe zilezile zinazotupa nuru ndizo zinazoziba jua.

Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London jambo hilohilo kwa kutumia mshumaa, katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860 hadi 1861 kwenye Royal Institution. Faraday huyohuyo, mwaka 1825, alikuwa amechunguza mafuta yaliyokuwa yakijikusanya kwenye mitungi ya gesi ya taa na kutenga humo kimiminika kipya chenye harufu kali. Leo tunakiita benzini ya wakemia, ambayo si petroli. Alishika mikononi mwake tofali la kwanza la masizi, na miaka thelathini na mitano baadaye akaonyesha jengo lililokamilika. Kilichokosekana ni picha ya mafundi wakiwa kazini.

Kutoka pete moja hadi punje

Mwaka 1865 Mjerumani August Kekulé alipendekeza kwamba atomi sita za kaboni za benzini zimeshikana mikono kwa duara. Pete hii ya kaboni sita ni imara ajabu. Joto la mwali linalovunjavunja molekuli nyingine huiacha pete ikiwa nzima, na hapo ndipo ujenzi unapopata msingi.

Fuata safari ya mafuta ya taa. Yakipanda kwenye utambi na kugeuka mvuke, joto linayakata vipandevipande. Mojawapo ya vipande vinavyobaki kwa wingi, mahali ambapo hewa haijafika, ni asetilini, gesi ileile ya fundi wa Gerezani. Vipande vinaungana na kuunda pete ya kwanza. Kisha unaanza mchezo ambao Michael Frenklach na wenzake nchini Marekani waliueleza kwa kina katika miaka ya 1980 na 1990. Atomi moja ya hidrojeni inabanduliwa pembeni ya pete na kuacha nafasi wazi. Asetilini inakuja kukaa hapo. Inabanduliwa nyingine, inakaa nyingine. Pete ya pili inafunga.

Pete mbili zilizoshikana ni naftalini, ile ya vidonge vyeupe vyenye harufu ambavyo watu huweka kabatini kuzuia nondo. Pete tatu zinaweza kuwa antraseni. Nne zinaweza kuwa pireni. Tano zinaweza kuwa benzopireni, ambayo tutakutana nayo tena kwa ubaya. Familia nzima huitwa hidrokaboni aromatiki zenye pete nyingi. Humu nitaziita pete tu.

Kutoka hapo pete kubwa zinabandikana, zinaviringana, na punje ya kwanza inazaliwa. Punje ikikua hufikia upana wa nanomita kati ya 10 na 50. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo ungehitaji kupanga zaidi ya punje elfu moja ili kuuvuka unywele mmoja. Punje hushikana kama shanga, shanga zikawa mikufu, na mikufu ndiyo nyuzi zinazotua begani mwako Gerezani.

Sasa unaelewa kwa nini tairi linatoa moshi mweusi kuliko kuni, na kwa nini kuwashia mkaa kwa kipande cha plastiki au raba kunachafua ua mzima. Mpira wa tairi na plastiki nyingi nyeupe za vifungashio zina pete tayari ndani yake. Moto hauhitaji kufyatua matofali. Umeletewa lori limeshapakia. Wataalamu wa mafuta wanalijua hili kwa njia yao. Ubora wa mafuta ya taa hupimwa kwa taa maalumu: mwali unarefushwa hadi uanze kutoa moshi, na urefu huo husomwa kwa milimita. Mafuta yenye pete nyingi hushindwa mapema, mwali ukiwa bado mfupi.

Mkono hauingii

Haya yote yalijulikanaje? Njia ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni kuchota. Ingiza kijiko baridi kwenye mwali wa kibatari, nacho kinatoka cheusi. Lakini kijiko kimeupoza mwali pale kilipogusa, kimezuia hewa, kimezikusanya molekuli ambazo zingeendelea na safari yake. Ulichokiona ni mwali wenye kijiko. Maabara hutumia vijiko vyembamba zaidi, vibomba vya kioo vyenye tundu dogo kabisa, na vimefundisha mengi. Hata hivyo shaka hubaki: mgeni akiingia jikoni, mapishi yanabadilika.

Mgeni asiyebadilisha mapishi ni mwanga, na namna ya kuutumia imewekwa kwenye kaunta za Kariakoo.

Nenda duka lolote la jumla ukalipe kwa noti nyingi. Karani atazipitisha chini ya taa ndogo ya zambarau. Taa hiyo inatoa mionzi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni vizuri. Karatasi ya noti halali inabaki imefubaa, ila alama zilizofichwa ndani yake zinawaka kwa rangi. Karatasi ya kawaida ya dukani inang'aa yote kwa weupe wa buluu, kwa sababu kiwandani ilitiwa kemikali za kuing'arisha, za jamaa moja na zile za sabuni ya unga zinazofanya shati jeupe liwake kwenye ukumbi wa muziki. Kwa sekunde moja karani ameitambua kemikali iliyo ndani ya karatasi bila kuikwangua wala kuilowesha.

Jambo hili ndilo fluoresensi. Jina lilitolewa mwaka 1852 na George Gabriel Stokes wa Cambridge, aliyetazama myeyusho wa kwinini, dawa yetu ya zamani ya malaria, ukigeuza mionzi isiyoonekana ya jua kuwa nuru ya buluu. Kanuni yake ni ya chenji pungufu. Molekuli inapokea chembe ya mwanga yenye nguvu nyingi, kama muuzaji anayepokea noti ya elfu kumi. Inakaa nayo kitambo, nguvu kidogo inapotea ndani kama joto, kisha inarudisha chembe nyingine yenye nguvu pungufu. Mwanga unaorudi una rangi iliyosogea kuelekea nyekundu. Kila aina ya molekuli ina bei yake, na ukijua noti iliyoingia na chenji iliyotoka, unaweza kubashiri duka ulilosimama.

Bahati ya sayansi ya moto ni kwamba pete za kaboni ni mabingwa wa mchezo huu. Tena zina tabia moja ya kufaa. Pete chache zikipigwa na mwanga hujibu kwa urujuanimno. Pete nyingi zilizoshikana hujibu kwa buluu, kijani na kuendelea, kama ambavyo ngoma kubwa hutoa mlio mzito kuliko ngoma ndogo. Ukisikiliza mlio, unakadiria ukubwa wa ngoma.

Sentimita thelathini za mwanga

Kilichobaki kilikuwa taa yenye nguvu ya kutosha kushinda mng'ao wa moto wenyewe. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California. Leza zinazotumika sana kwenye maabara za moto leo hutoa mapigo ya mwanga ya nanosekunde chache, mara nyingi mapigo kumi kila sekunde. Nanosekunde moja ni muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita 30 tu, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kwa kipimo hicho mwali unaoyumba umesimama kama sanamu.

Leza hizo huzaliwa na mwanga wa infraredi wenye wimbi la nanomita 1,064. Ukiupitisha kwenye fuwele maalumu unaligawanya wimbi hilo: nanomita 532, kijani kibichi; nanomita 266, urujuanimno mkali. Lenzi inautandaza mwanga uwe bapa na mwembamba kama karatasi, na karatasi hiyo inaukata mwali katikati kama kisu kinavyokata embe. Pembeni inakaa kamera inayofungua jicho kwa nanosekunde chache tu. Wimbi la 266 linaziamsha hata pete ndogo. Wimbi la 532 haliwezi kuziamsha ndogo, lakini kubwa linaziamsha.

Kwenye picha zinazopatikana, ramani ya ujenzi inajichora. Karibu na utambi, katikati ambako hewa haijapenya, pete ndogo zinang'aa. Juu kidogo zinatokea kubwa. Juu zaidi mng'ao wa pete unafifia, na palepale unapofifia ndipo masizi yanapochukua nafasi. Matofali yamekwisha kwa sababu ukuta umesimama. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuendelea, kundi la Pascale Desgroux, Xavier Mercier na wenzao katika Chuo Kikuu cha Lille, kaskazini mwa Ufaransa, lilikwenda mbali zaidi: katika kazi waliyoichapisha mwaka 2014 waliupiga mwali wa methani kwa mawimbi mengi tofauti, ya urujuanimno hadi ya rangi zinazoonekana, wakizipanga pete katika makundi kwa majibu yake.

Masizi yenyewe hayajibu kwa fluoresensi. Yakipigwa na leza yenye nguvu hupanda joto hadi karibu nyuzi 3,700 za Selsiasi, yakang'aa meupe, na mengine yakageuka mvuke. Mng'ao huo wa joto ungeweza kuchanganywa na ule wa pete, kama saa isingesaidia. Fluoresensi huzimika ndani ya nanosekunde chache au makumi yake. Punje yenye joto huendelea kung'aa kwa nanosekunde mamia hadi ipoe. Mtafiti akitaka pete anafungua kamera papo hapo. Akitaka masizi anasubiri kidogo. Au anatumia infraredi ya 1,064, ambayo punje huimeza lakini pete huipuuza.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Leza ina udhaifu wake. Katika joto la mwali, milio ya pete hupanuka na kuingiliana, kama sauti za wapiga debe kwenye kituo kimoja. Unasikia kuna kundi, humtambui kila mmoja. Oksijeni na molekuli nyingine huinyang'anya pete nguvu zake kabla haijarudisha chenji, hivyo mng'ao mdogo unaweza kumaanisha pete chache, au pete nyingi zilizoporwa. Na hatua moja ingali inabishaniwa: pete kubwa zinashikanaje kuwa punje ya kwanza, ilhali joto lile linapaswa kuziachanisha? Mwaka 2018, kwenye jarida la Science, Hope Michelsen na wenzake wa California walipendekeza kwamba wahusika wakuu ni pete zenye elektroni moja iliyo huru, zinazoweza kuendelea kushikana kwa mnyororo bila kuachia. Mjadala haujafungwa.

Tani mbili za lami

Kuna sababu nyingine ya kuzifuatilia pete kwa udi na uvumba, na ni ya zamani kuliko leza. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba vijana waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi walipata saratani ya ngozi ya korodani kuliko watu wengine, na akayalaumu masizi. Mwaka 1915 Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa wa Japani waliripoti kwamba walikuwa wamepaka masikio ya sungura lami ya makaa ya mawe kwa miezi mingi hadi saratani ikatokea. Lami ina kemikali mamia kwa mamia. Mhalifu ni yupi?

Aliyemkamata alitumia kanuni ileile ya taa ya noti. Izrael Hieger, kwenye hospitali ya saratani ya London, aliona kwamba lami zenye kuleta saratani, zikimulikwa kwa urujuanimno, hutoa mistari ya rangi ya aina moja, ya zambarau na buluu. Mistari ikawa alama ya vidole. Yeye na wenzake walianza na tani mbili za lami, wakaichuja na kuigawanya mara nyingi, kila hatua wakifuata sehemu yenye mistari ile na kutupa isiyo nayo. Mwaka 1933 J. W. Cook, C. L. Hewett na Hieger walitangaza fuwele za njano za kemikali yenye pete tano: benzopireni. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2012 liliuingiza kwenye kundi hilo moshi wa injini za dizeli.

Mtaa wa Msimbazi ndani ya silinda

Dizeli inaturudisha barabarani. Simama Mtaa wa Msimbazi jioni: kirikuu zimepakia marobota, malori yanarudi nyuma kwa honi, mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016, yanaingia na kutoka Gerezani. Lori kuukuu likiondoka na mzigo hutoa wingu jeusi. Fundi atasema nozeli zimechoka, na mara nyingi ni kweli. Ila ndani ya silinda mambo yalikuwa fumbo kwa karne nzima, maana hakuna aliyeweza kuona.

Hadi pale watafiti wa maabara ya Sandia, Marekani, walipotoboa injini na kuweka madirisha ya kioo kigumu cha kwazi, wakaingiza karatasi za leza humo. Mwaka 1997 John Dec aliunganisha picha hizo kuwa maelezo mamoja ambayo wahandisi wanayatumia mpaka leo. Mafuta yanapopulizwa huvuta hewa moto na kuanza kuungua yakiwa na oksijeni haba. Papo hapo pete zinatokea, na muda mfupi sana baadaye masizi yameenea ndani ya mpulizo wote. Pembeni yake kuna utando mwembamba wa moto wenye oksijeni, ambako masizi huungua. Yasiyoufikia utando huo kabla ya mlango wa ekzosi kufunguka ndiyo yanayotua kwenye kola za abiria wanaosubiri kituoni.

Ramani hiyo iliwapa wahandisi pa kushika. Ukiongeza mgandamizo wa nozeli na kupunguza upana wa matundu yake, mafuta yanachanganyika na hewa mapema, pete zinakosa muda. Nozeli iliyochoka hufanya kinyume: inadondosha matone makubwa, na matone makubwa ni mafuta mengi mahali penye hewa kidogo.

Tope, chaza na samaki

Pete haziishii hewani. Mwaka 2009 Lydia Gaspare na wenzake, Watanzania na Wajerumani, walichapisha vipimo vya pete katika tope na chaza wa ufukwe wa Dar es Salaam. Tope la baadhi ya maeneo lilikuwa na kiasi cha kutia wasiwasi kwa viumbe wanaoishi humo. Ajabu ni kwamba chaza na tope la mahali pamoja havikuwa na mchanganyiko unaofanana, ishara kwamba kila kimoja kilikuwa kinapata pete zake kutoka chanzo tofauti. Mwaka 2018 John Mahugija na Emmanuel Njale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima pete kwenye samaki wa kukaushwa kwa moshi wanaouzwa katika masoko ya jiji, na wakachunguza pia faida ya kuwaosha: kuosha kunapunguza. Mama zetu waliokuwa wakimuosha samaki mkavu kwa maji ya moto kabla ya kumuunga nazi hawakuwa wanapoteza muda.

Je, mkaa? Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiungua Dar es Salaam. Mkaa ulioshika vizuri hauna mwali mrefu wa njano, kwa hiyo masizi yake ni machache kuliko ya kuni. Wengi huhitimisha kwamba ni salama. Lakini mkaa huo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewalaza watu usingizi wa milele kwenye vyumba vilivyofungwa. Pete za mkaa nazo zilishatolewa kabla: ziliachwa porini, kwenye tanuri la mchoma mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa lugha ya sura hii, ni mkakati wa kuhamisha mapishi ya nchi kutoka mwali wa njano kwenda wa buluu, au kwenda kwenye umeme usio na mwali kabisa.

Leza zenyewe si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden ni miongoni mwa vituo vilivyobobea katika kuchunguza moto kwa leza. Watafiti wake, pamoja na wa Taasisi ya Afya Ifakara, walikuja na leza hadi kijiji cha Lupiro, bonde la Kilombero, na siku ya kupatwa kwa jua, tarehe 1 Septemba 2016, wakahesabu kwa mwanga mbu waliotoka kuruka mchana kwa kudhani jioni imeingia. Hoja ni ileile ya mwali: kuna vitu ambavyo ukivigusa vinabadilika, na mwanga huvikuta vikiwa kazini.

Fundi na oksijeni

Nilirudi Gerezani baada ya kuandika kurasa hizi. Fundi alikuwa anaunga mguu wa jiko. Akawasha asetilini, njano ikasimama, nyuzi zikaanza kuchomoka. Safari hii sikutazama nyuzi. Nilitazama chini, karibu na ncha ya bomba, ule upenyo mdogo usio na rangi kabla ya njano kuanza. Jicho halioni kitu pale. Lakini ndipo pete ya kwanza inapofunga, ya pili inapopandishwa juu yake, na yote yanayofuata, mwanga wa kibatari, weusi wa sufuria, wingu la lori, yanaanzia hapo.

“Unaona nini?” aliuliza.

“Natazama moto kabla haujatema.”

Alicheka, akafungulia oksijeni. Njano ikanywea. Hakuwa amechoma masizi. Alikuwa amefika mapema, kabla tofali la kwanza halijapata la pili. Mama lishe anayezibua matundu ya jiko lake la gesi kwa pini, kwa sababu ameona buluu inaanza kuwa njano na sufuria zinaanza kuchafuka, anafanya kazi hiyohiyo, kwa wakati huohuo.